Ng'ombe wa Nyangi Waja Chuoni

Mwalimu Felix alikuwa amefika kwenye maana ya mzabuni, na neno lenyewe alikuwa ameliandika ubaoni kwa chaki ya bluu kwa kuwa nyeupe zilikuwa zimeisha, ng'ombe mwekundu alipoingia darasani. Alitanguliza kichwa, akageuza pembe kidogo ili zipite mlangoni, akatembea taratibu kati ya madawati mpaka nyuma kabisa, karibu na dirisha lisilo na kioo. Hapo akasimama, akaanza kucheua.

"Atakayechelewa tena ataandika barua," alisema mwalimu Felix bila kugeuka, kisha akaendelea na mzabuni.

Machage ndiye aliyegeuka. Alimtambua yule ng'ombe papo hapo kwa sikio la kushoto, lililochanwa na mbwa zamani. Ndiye aliyeuzwa mnadani ili yeye aanze chuo, na aliyemnunua alimpeleka moja kwa moja machinjioni.

Scola, aliyekaa naye dawati moja, aliacha kuandika. Alikuwa binti wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia Tarime kufuata dhahabu, na hakuwa mtu wa kuzunguka.

"Ng'ombe wa nani yule?"

"Wa kwetu."

"Si ulisema mlimuuza?"

"Tulimuuza."

"Na akachinjwa?"

"Mama alinunua utumbo wake. Niliula."

Scola alimtazama ng'ombe, akamtazama Machage, akarudi kwenye daftari lake. "Basi amekuja kuona ada yake inafanya nini," alisema.

Ilikuwa inafanya kidogo sana. Machage alikuwa mwaka wa kwanza wa diploma ya Ununuzi na Ugavi, na hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini, jambo ambalo lilimwokoa. Ukweli ni kwamba siku ya kuomba chuo alikwenda stationari moja pale Nyamisangura, akakuta dada anayejazia watu maombi kwenye kompyuta. Dada akamuuliza, "Kozi gani?" Machage akajibu, "Zipo zipi?" Ukurasa ulikuwa umejifungulia mwishoni, hivyo dada akaanza kuzisoma kutoka chini kwenda juu. Ya kwanza ilikuwa Upimaji Ardhi. Hiyo hakuisikia, bodaboda ilikuwa inapita. Ya pili ilikuwa Ununuzi na Ugavi, na Machage akasema, "Hiyo hiyo."

Tangu utotoni alikuwa mtu wa namna hiyo. Mchungaji akija kijijini kwao, upande wa kwenda Sirari, Machage aliwahubiria mbuzi wiki nzima. Bwana mifugo akija, alimchoma mbwa sindano ya mwiba. Mjeda mmoja alikuja likizo, na Machage akatembea kwa kukakamaa mpaka mama yake akamkanda miguu kwa maji ya moto. Alitamani kuwa kila mtu aliyemwona mara ya mwisho. Walimu wake wa sekondari walimwandikia kwenye ripoti, "Ana uwezo, ila," na hapo wakaishia, kana kwamba nao walisahau walichotaka kusema.

Dada yake, Nyangi, aliyemtangulia kuzaliwa, hakuwa hivyo. Alipokuwa darasa la tano walikuja watu kupima barabara kwa mashine yenye miguu mitatu. Nyangi aliwapelekea maji ya kunywa, na mmoja wao akamruhusu achungulie. Kuanzia siku hiyo alisema atakuwa mpima ardhi, na hakusema kitu kingine tena, mpaka watu wakaona labda hana mawazo mengi. Alimaliza kidato cha nne na matokeo ambayo mkuu wa shule aliyabandika mlangoni.

Baba yao, mzee Heche, alikaa na ndugu zake kulijadili jambo hilo. Nyumba ingeweza kusomesha mmoja tu. Walilitazama kila upande, wakala, wakalitazama tena, na wakaona kwamba Nyangi tayari alishajipata, kwa hiyo hakuhitaji msaada. Wa kusaidiwa ni yule aliyepotea. Nyangi akaolewa Kisaka na Nchagwa, mkulima mwenye mifugo na mwenye adabu, na ng'ombe wanne wa mahari wakaja, yule mwekundu akiwa mmoja wao. Machage akaenda kidato cha tano. Siku ile hakuna aliyelia isipokuwa Nyangi, na kilio cha bibi harusi huhesabiwa kuwa heshima kwa wazazi.

Sasa ng'ombe mwekundu alikuwa nyuma ya darasa. Kipindi kilipokwisha alimfuata Machage mpaka kwenye chumba alichopanga, nyuma ya maduka. Mama Klementina, mwenye nyumba, alikuwa anachambua mchicha kibarazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nilimpangisha mtu mmoja."

"Huyu hali, mama. Wala hanywi. Alishachinjwa."

Mama Klementina alimzunguka ng'ombe, akamgonga ubavuni kama anayekagua debe. Kisha akaona kwamba, pamoja na kutokula, ng'ombe alikuwa ameacha kinyesi, na kinyesi chenyewe kilikuwa cha kawaida, cha moto. Akakikusanya, akasiriba jiko la nyuma, na habari ikaishia hapo.

Ng'ombe hakuwa na kinyongo. Hilo ndilo lililomsumbua Machage. Angempiga pembe angeelewa. Lakini alisimama tu nyuma ya darasa siku baada ya siku, akicheua, akimtazama kwa subira ya mtu aliyeahidiwa kuonyeshwa kitu.

Mwezi uliofuata chuo kilileta mtaalamu wa ushauri wa taaluma kutoka Musoma, kijana wa viatu vyeupe. Aliwaambia wanafunzi wafumbe macho wajione walivyo miaka kumi mbele. Machage alifumba macho, akajiona amefumba macho. Alisubiri. Alipofumbua, wenzake wengine walikuwa wanafuta machozi kwa uzuri wa mambo waliyoyaona. Scola alijiona anasimamia bohari ya dawa, na hata rangi ya mlango aliikumbuka.

"Fuata kile moyo wako unachopenda," alisema mtaalamu.

Machage alinyoosha mkono. "Na kama moyo unapenda vitu vingi?"

"Uulize tena."

"Nimeuuliza. Na wenyewe unaniuliza mimi."

Darasa lilicheka, naye akacheka pamoja nao, kwa kuwa tangu zamani aligundua kwamba mtu akiwahi kujicheka mwenyewe haulizwi swali la pili. Nyuma, ng'ombe mwekundu alipiga magoti, akalala.

Mjomba wake, Joel, mfanyabiashara wa Sirari ambaye Kiswahili chake kilikuwa kimevuka mpaka zamani, alimpigia simu mwisho wa mwaka. "Wee mura, hiyo ununuzi imejaa watu. Hizi mashirika ndio ziko na magari. Soma ile ya jamii." Machage aliona kwamba hayo ndiyo aliyokuwa akiyawaza siku zote. Akahamia Maendeleo ya Jamii, akaanza upya mwaka wa kwanza. Mzee Heche akauza ng'ombe mweusi.

Mweusi aliingia darasani wino wa risiti haujakauka. Alikuwa mkubwa, akajaza njia ya katikati, na wanafunzi wakazoea kumruka mkia. Katika kozi hiyo Machage alifundishwa kwamba elimu ya mtoto wa kike ndiyo msingi wa maendeleo ya jamii yoyote. Aliliandika jambo hilo, akalipigia mstari, akaliandika tena kwenye mtihani na kupata alama zote. Ng'ombe mweusi alisimama nyuma yake muda wote wa mtihani, akimpumulia shingoni. Msimamizi alipita, akahakikisha ng'ombe hana simu, akaenda zake.

Kozi ile nayo haikumkaa. Alipelekwa kwenye mkutano wa kitongoji kuhamasisha ujenzi wa vyoo, akazungumza kirefu, na alipomaliza watu walimpigia makofi, wakauliza yule mgeni wa vyoo atafika saa ngapi. Njiani akirudi alikutana na dereva wa watalii mwenye kofia pana na darubini kifuani. Mwaka uliofuata Machage alikuwa Hoteli na Utalii. Ng'ombe wa kijivu akauzwa, akachinjwa, akaja. Scola, aliyekuwa anamaliza, alimkuta uani na ng'ombe wake.

"Machage, wewe utakuja kumaliza zizi," alisema. Alisema kwa utani, na walicheka wote wawili, na Machage hakulala vizuri.

Mafunzo kwa vitendo aliyafanya kwenye hoteli moja ya kitalii karibu na geti la Ikoma. Ng'ombe walikwenda naye. Askari wa wanyamapori alimsimamisha barabarani, akamwambia mifugo hairuhusiwi kukaribia hifadhi. Machage akaeleza kwamba hawa walishachinjwa. Askari akawatazama kwa muda, akaona hawagusi majani, akasema basi wasitembee kati ya pundamilia, watalii watachanganyikiwa.

Kazi ya Machage ilikuwa kupokea wageni kwa vitambaa vya maji baridi na kujibu maswali. Mgeni mmoja alimwonyesha ndege mtini, akamuuliza jina lake. Machage alijibu kwamba ni ndege. Mgeni akaliandika. Jioni ile meneja alimwita, akamwambia kwa upole kwamba pengine angefaa zaidi kukaa kwenye mlango ambao wageni hawaupiti.

Mwisho wa wiki aliomba ruhusa, akaenda Kisaka kumsalimia dada yake. Ng'ombe walimtangulia. Hawakuuliza njia, walikatiza mashamba ya mtama, wakaingia uani kwa Nchagwa wakati Nyangi anaanua nguo, na kila mmoja akaenda kusimama karibu naye.

Nyangi aliziweka nguo begani. "Mchungaji," alimwambia mwekundu, akamshika lile sikio lililochanika. "Na Bibi Afya. Na wewe, Vumbi." Alikuwa amewapa majina siku walipoletwa kwao, akiwachungulia kupitia ufa wa mlango wa jikoni wakati wazee wanabishana. "Mmekonda."

"Walichinjwa," alisema Machage.

"Najua. Mama aliniambia." Akamkaribisha, akampa kiti, akaleta uji. Mtoto wake mdogo alijaribu kumpanda Vumbi, akateremshwa. Walizungumza habari za nyumbani, kisha Nyangi akauliza swali ambalo Machage alikuwa ameliogopa tangu barabarani.

"Haya, umeshajua utakuwa nani?"

"Bado kidogo."

"Na hawa ndio wote, au wamebaki?"

"Amebaki yule mwenye baka."

Nyangi alitikisa kichwa, si kwa hasira, kama mtu anayeambiwa sukari imebaki kiasi gani. Akakunja nguo moja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Hapo chuoni kwenu, upimaji ardhi upo?"

"Upo."

"Darasa lake liko upande gani?"

Machage hakujua. Alikuwa amepita chuo kile kwa miaka, amesoma karibu kila kitu kilichofundishwa pale, na hakujua. Alisema liko karibu na matanki ya maji. Nyangi akatazama upande wa Tarime, kana kwamba matanki yanaonekana.

"Wanachukua mtu mwenye watoto?"

"Wanachukua."

Hapo Machage alifanya jambo ambalo baadaye, akijisimulia mwenyewe, alilihesabu kuwa ndilo la kiume pekee alilowahi kufanya, ingawa lilichukua muda mfupi na halikufaulu. Nchagwa aliporudi kutoka shambani na kunawa, Machage alisimama.

"Shemeji," alisema, "dada anataka kusoma. Najua ng'ombe walitoka hapa. Ndio hawa. Nimewarudisha. Na mwenye baka nitamleta."

Nchagwa hakuwa mtu wa pupa. Alimwendea kila ng'ombe, akamfungua mdomo, akatazama meno, akapapasa nundu. Nyangi alisimama mlangoni na nguo mkononi. Kuku mmoja alipita chini ya tumbo la mweusi.

"Ni wenyewe," alisema Nchagwa. "Huyu mwekundu nilimkuza mimi. Lakini shemeji, hawa si ng'ombe tena. Hawazai, hawakamuliwi. Hawa sasa ni elimu yako. Nirudishie ng'ombe, mimi sina neno."

Machage alitafuta jibu. Alijua kulikuwa na jibu. Alikuwa amelisoma, alikuwa amepata alama zote. Alisema, "Nimekuelewa, shemeji," akaketi. Nyangi akaingia ndani kuwasha moto. Chakula kilikuwa kizuri, na Nchagwa akampa mgeni kipande kikubwa.

Aliporudi chuoni, ng'ombe hawakuingia tena kwenye darasa la Utalii. Walipita mlango ule, wakapita jiko, wakapita matanki ya maji, wakasimama kwenye mlango wa Upimaji Ardhi, vichwa ndani, mikia nje. Walifanya hivyo kila siku. Mwalimu wa darasa hilo alilalamika kwamba wanaziba mwanga.

Machage aliwatazama kwa siku kadhaa kutoka kwenye kivuli cha jiko. Mtu mwingine angeelewa. Machage naye alielewa, ila alielewa kwa namna yake: kwamba hatimaye ng'ombe walikuwa wanamwonyesha njia. Moyo ulimwenda mbio. Alijiuliza ilikuwaje hakuliona jambo hilo mapema, akalikumbuka jina la kozi kana kwamba amezaliwa nalo. Alifumba macho pale pale kivulini, na kwa mara ya kwanza akajiona: amesimama mlimani, nyuma ya mashine yenye miguu mitatu, upepo unapeperusha shati lake.

Alimpigia baba yake simu. "Tata, nimejipata."

Mzee Heche aliwaita ndugu zake wasikie. Mwenye baka akauzwa wiki hiyo hiyo.

Ni haki kusema kwamba alisoma. Hakuwa wa kwanza, wala hakuwa wa mwisho, na kwa Machage hiyo ilikuwa nchi mpya. Ng'ombe walikuwa macho katika kila kipindi. Mwenye baka alipenda hesabu za pembe. Siku ya mahafali Nyangi alikuja na watoto na mfuko wa karanga za kuchemsha. Mpigapicha akawaomba ng'ombe wasogee kidogo, wakasogea, na pichani wanaonekana nyuma ya joho lake kama ukuta. Baba alitoa hotuba. Alisema mtoto hata akichelewa, mradi afike. Nyangi alipiga makofi. Alimshika mdogo wake mkono, akamuuliza joho lina uzito gani. Machage akalivua, akampa. Nyangi alilijaribu begani, akamrudishia, akasema ni zito kuliko alivyodhani.

Machage aliajiriwa na kampuni ndogo iliyopewa kazi ya kupima mashamba vijijini ili wenye nayo wapate hati. Mwezi wa nne zamu ya Kisaka ikafika. Alishuka kwenye pikipiki ya kampuni akiwa na kofia pana, jambo ambalo aliliona mwenyewe na kutabasamu. Ng'ombe walikuwa wameshafika.

Shamba la Nchagwa lilikuwa la mwisho siku hiyo. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo, na majirani wa mipakani walikuwepo. Machage alisimika mashine, akainyoosha mpaka kipovu cha kupimia usawa kikatulia katikati, akafungua kifaa cha kuandikia.

"Jina la mwenye shamba?"

"Nchagwa," alisema mwenyekiti.

"Peke yake?" Aliuliza. Ni lazima isemwe kwamba aliuliza, ingawa kwa sauti ndogo na huku akitazama skrini. Ng'ombe waliacha kucheua.

"Kwani kuna mwingine?" aliuliza Nchagwa, bila ubaya wowote. Alitaka kujua.

Machage alimtazama dada yake. Nyangi alikuwa amesimama pembeni na kanga kiunoni, akiitazama mashine, si yeye.

"Hapana, shemeji. Nilitaka kuhakikisha tu," alisema, akaandika jina moja. Ng'ombe wakaendelea kucheua.

Ilihitajika mtu wa kushika fimbo yenye kioo kwenye kona za shamba, na kijana wa kampuni alikuwa amekwenda kutafuta maji. "Nitashika mimi," alisema Nyangi. Aliichukua fimbo kabla hajaruhusiwa, akavuka matuta ya mihogo mpaka kona ya mbali, karibu na mti wa mgunga, akaisimika juu ya kigingi.

Machage aliinamia lenzi. Dada yake alikuja karibu sana, karibu kuliko alivyowahi kumwona tangu wakiwa wadogo. Aliona jasho juu ya mdomo wake, na macho yake yaliyokuwa yakitazama moja kwa moja ndani ya mashine.

"Kushoto kidogo, dada!" alipaza sauti. "Hapo. Simama wima. Usitikisike."

Nyangi hakutikisika. Mashine ikalia, Machage akahifadhi namba, akampungia mkono aende kona inayofuata. Nyangi akaiweka fimbo begani, akashuka kuelekea kijitoni, na ng'ombe wakamfuata mmoja nyuma ya mwingine, kama walivyouzwa.